Kusoma ramani ya zamani ya Kayenta: anza na maji

Kayenta ni mji mdogo wa Wanavajo, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani, kaskazini mwa Arizona, kando ya korongo la Laguna Creek. Ulianzia kwenye duka la John na Louisa Wetherill, mwaka 1910. Ukifungua ramani ya zamani ya eneo hili iliyochorwa na USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, barabara ziache kwanza. Fuata rangi ya buluu. Katika jangwa hili lililo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, watu na kondoo wamekaa penye chemchemi, kisima au pampu ya upepo. Mstari wa buluu uliokatwakatwa kwa nukta ni mto wa msimu: sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ila mvua za Julai na Agosti huujaza ghafla.

Vibanda vilivyoandikwa “hogan” ni nyumba za jadi za Wanavajo. Usivihesabu kama idadi ya kaya, kwani familia nyingi za wafugaji zilikuwa na makao ya kiangazi na mengine ya baridi.

Kisha soma pambizo. Mwaka wa kuchapwa si mwaka wa kupima. Tafuta mwaka wa picha za angani na wa ukaguzi. Alama za zambarau ziliongezwa baadaye kutokana na picha, mara nyingi bila mtu kufika.

Kwenye ramani ya skeli ya 1:24,000, sentimita 1 ni mita 240. Kwenye 1:62,500 ni mita 625. Nakala ikichapwa upya kwenye karatasi ndogo, hesabu hizo hazifai, pima kwa mstari wa skeli. Kontua, yaani mistari ya mwinuko, zikipishana futi 40 (mita 12 hivi), genge la mita 10 linaweza kufichika kati ya mistari miwili, na nchi hii ya miamba ya mchanga imejaa magenge ya namna hiyo.

Kosa linalowapoteza wengi ni mfumo rejea, yaani msingi wa kupimia ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake. Ramani hizi hutumia NAD27, mfumo wa zamani wa Amerika Kaskazini. GPS ikiachwa kwenye WGS84, mfumo wa kisasa wa dunia nzima, gridi ya UTM (miraba ya mita ya kutajia mahali) hukosea mita 200 hivi, nawe unaikosa chemchemi.

Hata ukiipata, usinywe. Ardhi ya Wanavajo ina migodi ya urani zaidi ya 500 iliyotelekezwa, na baadhi ya visima vimekutwa na urani au aseniki, ambazo kuchemsha hakuziondoi. Beba maji ya bomba, na omba kibali cha Taifa la Navajo, serikali ya Wanavajo, kabla ya kutembea nje ya barabara.