Mkiwa pwani, ng'ombe wenu hawajawa pwani

Wiki iliyopita nilikuwa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, nimesimama uani kwa mzee mmoja, ng'ombe wake wa maziwa anatafuna mfupa. Mfupa mkavu wa paja la mbuzi, kauokota jaani, anaugeuzageuza mdomoni kama bibi na tambuu yake. Mama mwenye nyumba akaniambia juzi kamlia kanga iliyoanikwa kambani, nusu nzima, kaila mpaka jina. Ng'ombe huyo kazaa miezi saba nyuma, hajaingia joto, yaani hajataka dume, hata mara moja, na maziwa ni lita nne kwa siku. Nikamuuliza mzee, madini unampa? Akaniangalia kwa huruma.

"Daktari, sisi watu wa pwani. Chumvi ya bahari namtilia kwenye ndoo ya maji kila siku, na upepo wenyewe ndio huu, wa chumvi mtupu. Madini ya dukani wanunue wa bara huko."

Maneno haya nimeyasikia Konde, nimeyasikia Wingwi, na nimeyasikia kwa msomi mwenzangu mwenye cheti ukutani. Nimenyamaza mara nyingi kwa adabu. Leo adabu imenishinda.

Chumvi kwanza, kwa haraka, maana hapo mzee hakukosea. Chumvi ni sodiamu na klorini, na majani mengi yana sodiamu kidogo sana, basi ng'ombe lazima apewe. Ampe tu, aendelee.

Sasa fosforasi, madini ya kujenga mifupa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Fosforasi iliyomo kwenye lita hiyo hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya miligramu, kwa sababu vijimea vya baharini vinaifyonza kabla hujachota. Ukikausha maji mpaka upate kilo nzima ya chumvi, na tuseme fosforasi yote imebaki humo isipotee hata chembe, utakuwa nayo chini ya miligramu tatu. Upande wa pili, kila lita ya maziwa inatoka na karibu gramu moja ya fosforasi. Ng'ombe wa lita nne anatoa gramu nne kwa siku, yaani miligramu elfu nne. Kuzirudisha kwa chumvi ya bahari, mzee wangu itabidi amlishe zaidi ya tani moja kila siku ya Mungu. Nilimpigia hesabu hiyo kwa kijiti mchangani. Akacheka, akaniambia hesabu za kizungu zina mambo.

Asipopewa fosforasi, anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe, ambako ndiko ghala lilipo. Ghala likipungua, kizazi kinakuwa cha kwanza kufungwa: haingii joto. Halafu anaanza kutafuta mifupa ya wenzake. Kuna Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, miaka mia moja na kitu nyuma, aliyeonyesha kwamba ng'ombe waliokuwa wakipooza na kufa kule walikuwa wanakula mifupa ya mizoga kwa njaa ya fosforasi, na sumu ya vijidudu ilikuwa kwenye mizoga hiyo. Kwa hiyo mfupa wa jaani si mchezo wa kuuchekea.

"Lakini tuna makombe ya baharini, tuna matumbawe." Najua. Hiyo ni kalsiamu, chokaa tupu, fosforasi hamna. Kuku wa mayai mpe kombe lililopondwa kwa raha zako, maana ganda la yai moja lina gramu mbili hivi za kalsiamu na lazima zitoke mahali. Vifaranga na kuku wa nyama usiwape, utawaharibu figo. Ng'ombe wa uwandani, ambaye ardhi yake yote ni jiwe la chokaa, ukimzidishia makombe unazidi kuipindisha mizani upande ambao tayari umelemea.

Kinachoniudhi zaidi ni hili: "Majani yetu mbona kijani kibichi?" Jani halijui ng'ombe anataka nini! Mmea una virutubisho vyake 17 ambavyo bila hivyo hauwezi kuishi, na iodini haimo, seleniamu haimo, kobalti haimo. Nyasi inaweza kumea ikakufika magotini, inapepea, na ndani yake hamna kobalti ya kutosha vijidudu vya tumbo la ng'ombe kutengeneza vitamini B12. Kule Australia Kusini kondoo waliolishwa kwenye mchanga wa pwani, mchanga wa makombe kama huu wetu, walikonda na kufa malisho yapo. Ugonjwa wenyewe ukapewa jina la pwani. Miaka ya 1930 ndiyo ikajulikana kuwa ni upungufu wa kobalti, na shaba pamoja nayo. Bahari ilikuwa pale pale, wanaisikia ikivuma.

Sisemi ng'ombe wa Micheweni wana ugonjwa huo. Mimi nikiona ng'ombe kakonda natafuta minyoo na kupe kwanza, na mara nyingi nawakuta.

Na kama ng'ombe hawakukinaishi, tujitazame wenyewe. Utafiti wa madini joto, yaani iodini, uliochapishwa 2006 ulikuta rovu, uvimbe wa shingo, kwa wanafunzi asilimia 32 Pemba, na asilimia 21 Unguja. Visiwani, watu wanaokula samaki! Chumvi ya kuanika juani ina madini joto kidogo mno mpaka itiwe kwa makusudi, na wakati ule nyumba nyingi za Pemba zilikuwa zinatumia ile isiyotiwa.

Jiwe jekundu la kulamba nalo, nisilisahau. Watu wananunua kwa rangi. Wekundu ni kutu ya chuma, ambayo ng'ombe wa malishoni haihitaji na hata tumbo haliipokei vizuri. Wiki hiyo hiyo niligeuza jiwe moja dukani nikasoma karatasi yake: chumvi, chuma, madini madogo madogo, mstari wa fosforasi haupo kabisa. Bei yake sasa! Soma karatasi, utafute fosforasi imeandikwa asilimia ngapi. Ukikosa pesa, pumba za mpunga na za mahindi zina fosforasi nyingi, na tumbo la ng'ombe linaweza kuifungua (la kuku linashindwa kwa sehemu kubwa). Au choma mifupa mpaka iwe myeupe kama chokaa, uisage, uchanganye na hiyo chumvi yako. Uwaage majirani kwanza kwa sababu ya harufu.

Sasa niseme ukweli wangu. Vitabu vinaandika dalili kana kwamba kila moja imebandikwa jina mgongoni. Ng'ombe anayetafuna mifupa na nguo anaweza kuwa na njaa ya fosforasi, anaweza kuwa na njaa ya sodiamu, na wengine nadhani wamechoka tu kufungwa kwenye mnazi mmoja kutwa. Damu nayo inadanganya: kalsiamu yake mwili unaishikilia ionekane sawa hata mifupa ikiwa inaliwa kwa ndani, na fosforasi inapanda na kushuka kwa sababu kumi. Mimi nakisia, natibu, nangoja.

Mzee mwingine wa Konde, mwaka jana, ng'ombe wake alikuwa vile vile. Tulimpa pumba na unga wa mifupa, na siku ile ile nikamnywesha dawa ya minyoo. Baada ya wiki saba akaingia joto, akapandishwa, akashika. Mzee anasema ni mifupa, mkewe anasema ni dawa, mimi siapi. Kanga za jirani bado anazila.