Deksa Imemwinua Mbwa, Haijamponya: Maswali na Majibu Kuhusu Tezi za Adrenali

Wafugaji wa Tabora Mjini, Uyui, Urambo na Nzega huniletea mbwa wenye historia zinazofanana. Mbwa alikataa ugali, akatapika, akalegea, akachomwa deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) iliyonunuliwa duka la dawa za mifugo, akaamka. Wiki kadhaa baadaye akaanguka tena, akachomwa ileile. Anapofika kwangu mwili umeshakuwa wa baridi. Baadhi ya mbwa hao walikuwa na ugonjwa unaotibika, ndiyo maana naandika.

Tezi za adrenali ni kitu gani?

Ni tezi mbili ndogo, kila moja jirani na figo yake. Hutoa kotisoli, homoni inayomwezesha mbwa kuhimili njaa, maradhi na hofu. Hutoa pia aldosteroni, inayobakiza sodiamu mwilini na kuitoa potasiamu kwenye mkojo. Tezi zikishindwa kazi, tunauita ugonjwa wa Addison, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza kwa binadamu mwaka 1855. Kwa mbwa, mara nyingi kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayozishambulia tezi. Majike huupata zaidi, hasa wa umri mdogo na wa kati. Mbwa koko naye huupata.

Nitaujuaje nikiwa nyumbani?

Hauna dalili moja ya kwake peke yake. Mbwa hukosa hamu ya kula, hutapika, huharisha, hutetemeka, hukonda, pengine hunywa maji mengi na kukojoa sana. Kinachopaswa kukushtua ni kwamba dalili huja na kuondoka. Leo amelala hajiwezi, kesho anabweka getini, halafu mwezi ukiisha amelala tena, mara nyingi baada ya safari, ugomvi na mbwa wengine, au usiku wa radi. Mbwa aliyeugua hivyo mara mbili anahitaji kupimwa damu.

Nilimchoma deksa, akaamka na kula. Si amepona?

Hapana. Deksamethasoni inashika nafasi ya kotisoli tu. Kazi ya aldosteroni haiifanyi. Kwa hiyo mbwa anasimama, anatikisa mkia, anamaliza chakula, na wakati huohuo sodiamu inaendelea kushuka na potasiamu inapanda. Potasiamu ikizidi, moyo hupiga taratibu na mwisho husimama. Wewe unamwona mzima, kumbe damu yake inaharibika.

Lakini hata mara ya pili aliamka, tena haraka.

Hapana, ndugu yangu, bado hajapona. Kuamka haraka kwa deksa ni sababu ya kumleta, maana inawezekana mwili wake unalilia homoni usiyoweza kuitengeneza wenyewe. Ukimchoma mara ya tatu bila kipimo, umempotezea muda tu. Na mchanganyiko wa oksi (oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria), deksa na maltivitamini unaochomwa mbwa yeyote aliyelala, bila hata kumpima joto, naomba uishe. Nimeusema huu mara nyingi kwa wauzaji wa dawa na nitaendelea kuusema.

Basi niiache deksa kuanzia leo?

Kama amechomwa mara kwa mara au amekula vidonge vya prednisoloni, ndugu yake deksa, kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla. Dawa hizi zikitumika kwa muda huzilaza tezi, hata zile zilizokuwa nzima, na ukikata ghafla mbwa anaweza kuanguka kwa kukosa kotisoli. Mlete, tupunguze kidogo kidogo. Utuambie kila alichopewa, bila aibu.

Mtampima nini?

Kwanza tunaondoa magonjwa yaliyojaa huku kwetu: homa za kupe, nagana ya mbung'o, minyoo. Kuna mnyoo wa utumbo mpana unaoweza kuvuruga chumvi za damu hadi mbwa akafanana kabisa na mwenye Addison, kwa hiyo choo nacho kinapimwa.

Kisha sodiamu na potasiamu. Tunaigawa sodiamu kwa potasiamu, na jibu likiwa chini ya 27 shaka inakuwa kubwa. Mapigo ya moyo nayo yanasema mengi. Mbwa aliyelegea kwa kukosa maji, moyo wake hutakiwa kwenda mbio. Wa huyu wetu unaweza kwenda polepole, na tukiona hivyo hatusubiri maabara.

Kinachothibitisha ni kupima kotisoli, kumchoma homoni ya ACTH inayoziamsha tezi, na kupima tena baada ya saa 1. Kipimo cha kwanza kikizidi nanomoli 55 kwa lita, karibu hakika siyo Addison. Vyote viwili vikibaki chini ya hapo, ni ugonjwa huo, au tezi zimelazwa na dawa. Prednisoloni husomwa na mashine kama kotisoli, ndiyo maana nasisitiza tuambiwe alichopewa.

Niliambiwa figo zimekufa, achomwe sindano ya kumpumzisha.

Subiri. Mbwa mwenye Addison huishiwa maji, na vipimo vya figo hupanda sana. Akiwekewa dripu na homoni vinaweza kushuka ndani ya siku chache. Mbwa kijana asiuawe kwa kipimo kimoja cha figo kabla potasiamu yake haijatazamwa.

Jirani anasema amelishwa sumu, nimpe maziwa.

Usimmiminie kitu mbwa asiyeweza kusimama: si maziwa, si mayai mabichi, si mafuta ya kula. Vinaingia mapafuni. Nimeona mbwa wakifa kwa maziwa ya huruma.

Tiba yake ni ipi?

Akiwa ameanguka: dripu ya chumvi kwenye mshipa, glukosi ikiwa sukari imeshuka, dawa ya kuukinga moyo dhidi ya potasiamu, na deksamethasoni. Ndiyo, deksa ileile, safari hii kwa kipimo na pamoja na dripu. Akitulia huanza vidonge vya fludrokotisoni, vinavyoshika nafasi ya aldosteroni, na wengi huongezewa prednisoloni kidogo. Fludrokotisoni ni dawa ya binadamu, iagizwe mapema.

Amenenepa, miezi sita hajaugua. Niache vidonge?

Hapana. Amenenepa kwa sababu ya vidonge. Tezi zilizokufa hazioti upya, na dawa hii ni ya maisha. Kinachobadilika ni kiasi, kadiri vipimo vya damu vinavyoonyesha. Siku za safari, upasuaji au harusi yenye muziki mkubwa uani, prednisoloni huongezwa, mara nyingi maradufu, kama mlivyokubaliana na daktari. Akitunzwa hivyo anaweza kuishi hadi uzee wake.

Ameanguka usiku na niko Urambo vijijini. Nifanye nini?

Mpigie simu daktari wa mifugo kabla hujaondoka, dripu iwe tayari. Mfunike kwa blanketi au khanga mbili, mlaze ubavu, shingo inyooke. Kama ni mgonjwa wa Addison anayejulikana na daktari alishakupa sindano ya dharura, mchome kama ulivyofundishwa, kisha uondoke hata akiinuka. Beba chupa za dawa zote alizochomwa. Asipoinuka, ondoka. Akiinuka mkiwa njiani, msirudi nyumbani.