Ilipotoka, vikao viliongezeka: Uingereza na Umoja wa Ulaya

Jioni ya 31 Januari 2020 bendera ya Uingereza ilishushwa katika makao ya Umoja wa Ulaya mjini Brussels, na baadhi ya jamaa zangu wakaniuliza, kwa utani, kama sisi tunaoishi kwa kusoma mikataba ya kikanda tutapata kazi nyingine. Kwa kweli kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nchi ikitoka katika umoja, watu hutazama ushuru na pasipoti, ilhali kinachopotea mapema zaidi ni yale mazungumzo ya pembeni. Kwa miongo mingi mawaziri wa Uingereza na wa Ireland walikutana Brussels mara kwa mara kwa shughuli za kilimo, fedha au sheria, na masuala nyeti ya Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini iliyo sehemu ya dola ya Uingereza, yakazungumzwa hapo hapo ukumbini, bila ajenda wala waandishi wa habari. Ndiyo maana chombo rasmi cha serikali hizo mbili, kilichoundwa kwa Makubaliano ya Belfast, yale ya amani ya mwaka 1998, kilikaa bila kukutana tangu 2007 hadi Julai 2018, miaka miwili baada ya kura ya maoni ya kujitoa. Kilifufuliwa kwa sababu ukumbi ule ulikuwa unakaribia kufungwa.

Badala yake umekuja Mkataba wa Biashara na Ushirikiano, ulioanza kutumika 1 Januari 2021, wenye Baraza la Ubia juu na kamati maalumu 18 chini yake, za uvuvi, nishati, usafiri wa anga na kadhalika. Waliopiga kura ya kutoka ili wapumzike na vikao vya Brussels hawakutarajia hilo. Tofauti kubwa ni kwamba zamani Uingereza ilipiga kura pale kanuni ilipokuwa inatungwa, na sasa inajadiliana juu ya kanuni ambayo wengine wamekwisha kuitunga.

Heshima nayo ilileta mzozo. Mapema mwaka 2021 serikali ya London ilikataa kumpa balozi wa Umoja wa Ulaya hadhi kamili ya kidiplomasia, kwa hoja kwamba umoja si dola, na suala hilo likamalizwa Mei mwaka huo huo kwa kumkubalia hadhi hiyo. Wapo walioliona kama jambo dogo la itifaki. Mimi sikuliona hivyo, kwa kuwa aliyetoka alikuwa anajaribu kuamua upya yule aliyebaki ni nani.

Ireland Kaskazini ndiyo iliyolipa gharama kubwa. Ili kusiwe na vizuizi mpakani na Jamhuri ya Ireland, iliyobaki ndani ya Umoja wa Ulaya, ukaguzi uliwekwa kwa bidhaa zinazovuka bahari kutoka Uingereza yenyewe, na chama cha DUP, cha wanaotaka Ireland Kaskazini ibaki chini ya Uingereza, kikaona kwamba eneo hilo limetengwa na taifa lake. Kikajiondoa serikalini Februari 2022, na Belfast ikakaa miaka miwili bila serikali yake, mpaka Februari 2024. Katikati ya kipindi hicho, Februari 2023, Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, walitangaza Mpango wa Windsor, unaotenganisha bidhaa zinazobaki Ireland Kaskazini, ambazo hupita njia ya kijani yenye karatasi chache, na zile zinazoweza kuendelea hadi ndani ya soko la Ulaya, ambazo hupita njia nyekundu. Fomu za forodha, ambazo kwa kawaida ni kazi ya makarani, zilikuwa zimeangusha serikali.

Mei 2025 pande mbili zilikutana London, zikatia saini ubia wa ulinzi na kukubaliana kutafuta mkataba ambao utaifanya Uingereza ifuate kanuni za Ulaya za usalama wa vyakula na mimea, kanuni ambazo haitazipigia kura. Katika makubaliano hayo hayo, vyombo vya Ulaya viliongezewa ruhusa ya kuvua katika maji ya Uingereza hadi 30 Juni 2038, na kamati ya uvuvi itaendelea kukutana kila mwaka kugawana samaki.