Kasi Pekee Haikumpa Chapman Misimu 16

Nimesoma tena wiki hii, na safari hii siwezi kunyamaza, kwamba Aroldis Chapman, mrushaji wa besiboli katika ligi kuu ya Marekani, ni mkono tu: kwamba yeyote aliyejaliwa kurusha mpira maili 100 kwa saa angepata kazi kama yake, na kwamba kilichobaki ni kumfungulia mlango wa bulpeni, wanapojipasha moto warushaji wa akiba, katika iningi ya tisa, awamu ya mwisho ya mchezo, na kumwachia mpigaji hofu yake. Mimi hufundisha warushaji. Kauli hii hunijia kutoka kwa wazazi, kwa watangazaji na, jambo linaloniuma zaidi, kwa vijana wenyewe, ambao huacha kujifunza aina ya pili ya mrusho kwa kuamini kwamba wa kwanza ukiwa na kasi ya kutosha hauhitaji mwenzake.

Kuhusu kasi yenyewe sina ubishi. Chapman, mzaliwa wa Holguín nchini Cuba, aliitoroka timu yake ya taifa mjini Rotterdam mwaka 2009, akasaini na Cincinnati Reds Januari 2010 kwa zaidi ya dola milioni 30, na tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, mjini San Diego, akarusha mpira uliopimwa maili 105.1 kwa saa, yaani kilomita 169. Mwaka 2014 aliwatoa wapigaji 106 kwa straiki, yaani bila wao kuupeleka mpira uwanjani, katika iningi 54, zaidi ya nusu ya wote waliosimama mbele yake.

Lakini hebu tufanye hesabu ambayo wasifiaji wa kasi hawaifanyi. Mrushaji huuachia mpira akiwa amekwisha kupiga hatua ndefu mbele ya kibao anachokanyaga, kwa hiyo mpira husafiri kama mita 17 tu. Kwa maili 100 safari hiyo huchukua takriban sekunde 0.4, na kwa maili 90 huongezeka kwa kama sekunde 0.04. Tofauti hiyo humwangamiza mpigaji asiyejua kinachokuja. Mpigaji wa ligi kuu hangoji mpira umkaribie ndipo aamue. Huanza kuunyanyua mguu wake wa mbele wakati mpira ungali mkononi mwa mrushaji, na akishakuwa na hakika kwamba anarushiwa kitu kilekile kwa kasi ileile, huunyanyua mapema zaidi, basi. Kasi humnyang'anya muda, ila shaka ndiyo inayomfanya autumie vibaya muda uliobaki. Mkiniuliza nimekaa miaka yote hii nikifundisha nini, nitawajibu kwamba nimefundisha sentensi hiyo moja.

Mfano wake bora ni mchezo wa saba wa World Series ya 2016, fainali ya ligi kuu inayochezwa hadi mechi saba, na ningependa kila anayesema "mkono tu" autazame tena, polepole. Cubs, timu yake wakati huo, walikuwa wakiiongoza Cleveland 6-3 katika iningi ya nane, wakiwa wamebakiza watu wanne tu kuwatoa, Chapman alipoingia. Mpigaji wa kwanza aliupeleka mpira mbali na kuleta pointi moja. Kisha akaja Rajai Davis wa Cleveland, mtu aliyejulikana zaidi kwa kuiba besi, yaani kuikimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, kuliko kwa nguvu. Iangalieni mikono yake: ameipandisha juu ya mpini wa gongo, mbali kabisa na kitako, hivyo gongo limekuwa fupi na jepesi. Amekubali kupunguza nguvu ili apate muda. Akarushiwa mpira wa kasi, ukafuata mwingine na mwingine tena, naye akaigusa na kuitoa nje ya mstari, kila mara akikaribia zaidi kuiwahi, hadi ule wa chini upande wa ndani alipoukuta na kuuvusha juu ya uzio wa kushoto. Ikawa 6-6.

Nitamtetea Chapman hapa. Katika mchezo wa tano alikuwa amerusha mipira 42, akarusha mingine 20 katika mchezo wa sita, ambao Cubs waliumaliza wakiwa mbele kwa pointi sita, na usiku uliofuata akaitwa tena. Mkono uliochoka hupoteza maili mbili tatu, na hilo kila mtu huliona kwenye kipimo. Kisichoonekana ni kwamba huanza kubadilisha mahali pa kuuachia mpira, na slaida, mrusho wa polepole kidogo unaopinda na kushuka, isiyotoka mahali palepale inapotoka mpira wa kasi haimdanganyi mtu. Akabaki na silaha moja, mbele ya mtu aliyekwisha kuijua. Kwamba alirudi iningi ya tisa na kuwazuia Cleveland wasipate hata pointi moja, kabla ya Cubs kushinda 8-7 katika iningi ya kumi, kwangu ni ushahidi wa ufundi mkubwa kuliko maili 105.1 za San Diego, ingawa sijawahi kumsikia mtu akiutaja.

Najua nitajibiwa kwa Altuve. Tarehe 19 Oktoba 2019, akiichezea Yankees, Chapman alimrushia José Altuve wa Houston slaida, ikavushwa uzio, na Houston wakaenda World Series. Wakasema: angerusha mpira wa kasi! Usiku ule, hata hivyo, mpira wa kasi ulikuwa haukai anapoutaka, na slaida yenyewe ilielea katikati badala ya kushuka. Tatizo lilikuwa mahali ulipotua mpira, na hakuna kasi inayotibu hilo. Ndiyo maana nilifurahi alipoongeza splita mwaka 2021, mpira unaotoka mkononi kama wa kasi kisha unadondoka.

Kuhusu viwiko, ambavyo kasi kama hii huviweka hatarini, sitawapa hakika nisiyokuwa nayo. Joel Zumaya wa Detroit alikuwa na kasi ya kukaribia hii mwaka 2006. Juni 2010, akiwa na miaka 25, mfupa wa kiwiko ulivunjika katikati ya mrusho, na hakurusha tena ligi kuu. Chapman amepita miaka mingi bila upasuaji ule wa kano ya kiwiko aliofanyiwa mrushaji Tommy John mwaka 1974. Tunazungumza juu ya mkao wa bega, idadi ya mirusho na siku za mapumziko, nami nayasisitiza yote hayo, lakini ukiniletea vijana wawili wenye mwendo uleule siwezi kukuambia kiwiko cha nani kitadumu. Anayedai anaweza, msimpe mtoto wenu.

Na ligi yenyewe ilikwisha kutoa hukumu juu ya kasi isiyo na udhibiti. Mwaka 2022, akiwa bado anarusha kwa kasi ambayo wengi wangeiuzia nyumba, aliwapa wapigaji 28 besi ya bure, inayotolewa mipira minne ikikosa shabaha, katika iningi 36 na theluthi, akanyang'anywa kazi ya kumalizia mechi, na Yankees wakaachana naye. Akapita Kansas City, Texas alikotwaa ubingwa wa 2023, kisha Pittsburgh. Mwaka 2025, akiwa na Boston na umri wa miaka 37, alitoa besi za bure 15 katika iningi 61 na theluthi, akaokoa mechi 32, yaani akaingia mwishoni na kuulinda ushindi, na wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila iningi tisa ukawa 1.17. Kasi yake ya wastani ilikuwa chini ya ile ya ujana wake. Kwa hiyo kijana akija kwangu na video ya kipimo kikisoma maili 95, swali langu la kwanza litaendelea kuwa lilelile: mdakaji alikuwa ameweka glavu wapi, na mpira ulitua wapi?