Hakuna XP, na bado umekosea

Wiki hii nimeambiwa mara tatu. Kwanza na mteja, halafu kwenye grupu la WhatsApp, na mwisho na mpwa wangu, aliyekuja kwangu kula ugali akaishia kulihodhi kochi: "Anko, hii Paper Mario inachekesha sana, ila mapambano yake hayana maana. Hupati XP. Bora uwakimbie tu." XP ni zile pointi za uzoefu unazopata kwa kupigana, zinazokupandisha levo.

Mimi natengeneza gemu ndogo za chemshabongo za kwenye simu. Ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, siyo kila mwezi. Kwa hiyo nina haki ya kukasirika.

Gemu yenyewe ni Paper Mario: The Origami King, kazi ya studio ya Intelligent Systems, iliyotolewa na Nintendo kwa ajili ya mashine yake ya gemu, Switch, mwezi Julai 2020. Mfalme Olly anakunja kila anayemwona awe origami, yaani umbo la karatasi iliyokunjwa, na Mario anahangaika kumzuia akisaidiwa na Olivia, dada yake huyo huyo Olly. Mabosi, yale maadui makubwa, ni vifaa vya mezani: penseli za rangi, rababendi, panchi, selotepu, mkasi na stepla. Kuna Toad, wale watu wadogo wenye vichwa vya uyoga, waliotobolewa nyuso na lile panchi wakabaki na tundu tu. Vichekesho hivyo hakuna anayevilalamikia. Kesi iko kwenye duara la mapambano.

Wengi wanaolalamika wamekulia gemu za mwanzo za mfululizo huu, ile ya mwaka 2000 na The Thousand-Year Door ya 2004. Kule ulipigana, ukakusanya Star Points, na kila zikifika 100 ukapanda levo. Kwa mtu aliyezoea hivyo, kupigana bila kupanda levo ni kama daladala iliyokuzungusha mji mzima ikakushusha kituo kile kile. Namwelewa. Lakini malipo yapo. Unalipwa sarafu, na sarafu zinakununulia sekunde za ziada, au msaada wa Toad waliokaa jukwaani kushangilia. Nguvu unaipata kwenye mioyo iliyofichwa huku na huko: inaongeza uhai, na ukishaongezeka, maadui dhaifu unawamaliza kwa nyundo moja njiani bila hata kuingia uwanjani. Hilo tuliache.

Kinachonichoma ni lile lalamiko jingine lao, "unazungusha zungusha tu mpaka wanapangika."

Mario anasimama katikati. Nje yake kuna maduara manne, kila moja lina vyumba 12, na maadui wametawanywa humo. Una hatua chache, na saa inakimbia. Unaruhusiwa mambo mawili tu: kuzungusha duara, au kusukuma mstari unaopita katikati, ambapo adui anayesukumwa ndani anavuka na kutokea upande wa pili. Unataka kuwapanga wanne wanne: ama foleni kutoka ndani hadi nje, uwakanyage kwa buti, ama wawili kwa wawili kwenye maduara ya ndani, uwatwange nyundo. Ukiwapanga wote, pigo lako linakuwa na nguvu mara moja na nusu.

Sasa piga hesabu. Maduara manne, kila moja linaweza kusogezwa sehemu 11: 44. Mistari sita yenye vyumba vinane, kila mmoja sehemu saba: 42. Hatua moja ina njia 86. Hatua tatu zina zaidi ya njia 636,000, na una sekunde kadhaa. Bahati gani hiyo itakayokubeba?

Unachotakiwa kuona ni hiki, na kinanishangaza kwamba watu wanamaliza gemu nzima bila kukiona: kuzungusha hakubadilishi idadi ya maadui ndani ya duara. Duara lenye watatu, lizungushe hadi asubuhi, litabaki na watatu. Kusukuma peke yake ndiko kunakohamisha mtu kutoka duara moja kwenda jingine. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, hesabu maadui wa kila duara, kutoka ndani kwenda nje. Tuseme maadui ni wanane. Foleni mbili zinadai 2, 2, 2, 2. Foleni moja na kundi moja la nyundo zinadai 3, 3, 1, 1. Makundi mawili ya nyundo, 4, 4, 0, 0. Basi. Hakuna mpangilio mwingine wa mwisho. Ukiona 2, 2, 2, 2, anza na kuzungusha tu. Ukiona 3, 1, 2, 2, huna ujanja, lazima usukume. Tafuta kwenye duara la ndani adui aliye peke yake kwenye mstari wake, msogeze nje chumba kimoja. Hesabu imekaa 2, 2, 2, 2, na kama nafasi kati ya wawili wa kila duara zinalingana, kilichobaki ni kuzungusha.

Kutafuta mwenye upweke. Hiyo ndiyo raha yenyewe, na haihitaji XP juu yake, kama vile mchezo wa bao hauhitaji XP.

Kasoro ya kweli ipo, ila wanaopiga kelele wanaonyesha kidole pengine. Ukishapanga, pambano limekwisha na bado linaendelea. Umbo lenyewe limeshakuambia buti au nyundo, umebaki kubonyeza. Ubongo umemaliza kazi, mikono ndiyo inamalizia. Mabosi ndio waliopona ugonjwa huo kwa sababu uwanja umegeuzwa: bosi katikati, Mario nje, na wewe unapanga mishale umjengee Mario njia ya kumfikia. Ukikosea mshale mmoja, unajikuta umesimama mahali pa kijinga. Hapo fumbo na pambano ni kitu kimoja.

Nakiri mambo mawili. Karibu na mwisho wa gemu, na mimi nilianza kuwakimbia. Mimi huyu. Fumbo zuri la arobaini linachosha kama baya la kwanza. Na kuhusu saa, nimekuwa nikisema ni adui wa kufikiri, nikaitoa kwenye gemu yangu moja. Watu wakaanza kuiweka simu chini katikati ya fumbo, wasirudi. Nikairudisha. Hata ugumu wenyewe siwezi kuupima: nimeshatengeneza fumbo la hatua moja lililowashinda wajaribu wangu wote, na la hatua tatu walilomaliza huku wanatafuna karanga.

Yote haya nilimweleza mpwa wangu pale kwenye kochi, kwa vidole na kwa kalamu nyuma ya risiti ya LUKU. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akawasha, akakutana na wanane, 3, 1, 2, 2 kabisa, nikajiandaa kumwambia asukume. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshasukuma mmoja, amezungusha mara mbili, wote wamekaa.

"Umejuaje?"

"Nimeona tu, anko."

Akamaliza, akaokota sarafu zake, akaona adui mwingine mbele. Akampita pembeni mbio.

"Hakuna XP," akasema.