Ufunguo wa Gari: Yanayosemwa Malindi na Yaliyo Kweli

Ukipoteza ufunguo wa gari hapa Malindi, utapewa ushauri kabla hujafika kwa fundi. Huyu atakwambia hakuna njia ila Mombasa kwa wakala wa kampuni ya gari, yule atakwambia chonga wa chuma kibandani, yaishe. Wote wanaweza kukutia hasara, kwa sababu tunauhesabu ufunguo kuwa kitu kimoja. Funguo nyingi zina vitatu ndani yake, na kila kimoja kina kazi yake: chuma, chipu na rimoti.

“Chuma kikichongwa sawasawa, gari litawaka.” Mlango utafunguka na stata mara nyingi itazunguka. Itakayokataa ni injini, au iwake sekunde moja mbili kisha izime, huku taa ya alama ya ufunguo ikimwekamweka kwenye dashibodi. Chipu iliyofichwa kichwani mwa ufunguo haina betri. Hupata nguvu kutoka kwa koili iliyozunguka tundu la swichi, ikatoa namba yake. Kompyuta ya gari isipoitambua, inafunga mafuta au inakata moto wa plagi. Ulaya ililazimisha kinga hiyo kwa magari mapya mwaka 1998. Yanayotoka Japani hutofautiana, na baadhi ya Probox za zamani hazina chipu kabisa, kwa hiyo kwao chuma kinatosha. Baadhi ya funguo za Toyota zimegongwa nukta, G au H kwenye shingo ya chuma. Fundi akiiona anajua aina ya chipu ya kutafuta.

“Betri ya rimoti ikiisha umekwama.” La. Ufunguo wa kuzungusha utawasha kama kawaida. Kwa gari la kubonyeza kitufe, chomoa chuma kilichofichwa ndani ya rimoti ufungue mlango, kisha igusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, na magari mengi yatawaka. Ukinunua betri, soma namba. CR2032 ina unene wa milimita 3.2, CR2016 nusu yake, kwa hiyo ya pili ikiwekwa mahali pa ya kwanza inachezacheza na haigusi vizuri.

“Rimoti yoyote inayofanana itaprogramiwa.” Za Japani nyingi hutumia masafa ya redio ya takriban megahezi 315, za Ulaya 433, kwa hiyo hata umbo likifanana, gari bado halisikii. Na rimoti kuukuu za magari ya kitufe, nyingi hujifunga kwa gari lake la kwanza.

Kuhusu wakala: fundi wa funguo mwenye mashine inayolijua gari lako huichomeka chini ya usukani na kuimaliza kazi hapo hapo, mradi betri ya gari ina nguvu, maana umeme ukishuka katikati kompyuta inaweza kuharibika. Kazi huwa nyepesi zaidi ukiwa bado na ufunguo mmoja unaofanya kazi. Lakini fundi asiyekuuliza kitambulisho wala logbook, jamani, mkimbieni. Atakayekutengenezea wewe bila swali, kesho atamtengenezea mwizi wako.

“Nikipata mpya, ule uliopotea umekufa.” Hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu mtu hulala akidhani yuko salama. Ufunguo wa zamani mara nyingi unabaki kwenye kumbukumbu ya gari mpaka fundi aufute, na lazima umwambie aufute. Hata ukifutwa, chuma chake bado kitafungua mlango, hadi kitasa kibadilishwe.

Mwisho, wanaoacha gari Mokowe kuvuka kwenda Lamu, na wanaooga Casuarina rimoti ikiwa mfukoni: ikiingia maji ya chumvi, msiifukie kwenye mchele. Mchele hauondoi chumvi, nayo chumvi pamoja na umeme wa betri hula shaba upesi. Msibonyeze chochote. Toeni betri papo hapo, suuzeni saketi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaukie kivulini penye upepo hadi kesho yake. Chipu mara nyingi imefungwa ndani ya kioo au kibonge chake, kwa hiyo vitufe vinaweza kufa na gari bado likawaka.