Kanisa la kijiji Uingereza: yanayosemwa na yalivyo

"Kanisa la Anglikana ni la serikali, basi serikali ndiyo inayolipa."
Mfalme ndiye mkuu wake kisheria, na maaskofu 26 wana viti katika Nyumba ya Malodi, baraza la juu la Bunge. Lakini kodi ya kanisa kama ile ya Ujerumani haipo. Mshahara wa kasisi hutokana na michango ya parishi na mapato ya mali za kanisa lenyewe. Paa likivuja, halmashauri ya parishi ndiyo inayokuna kichwa: keki zinauzwa, vitabu vikuukuu vinauzwa, barua za kuomba ruzuku zinaandikwa.

"Kila kijiji kina kasisi wake."
Hiyo ni zamani. Siku hizi kasisi mmoja hushika vijiji vinne, sita, hata zaidi, na Jumapili yuko barabarani. Funguo na hesabu hubaki kwa wazee wa kanisa, watu wa kawaida wanaochaguliwa kila mwaka.

"Wakubwa wa madhehebu wameshindwa kuungana, basi vijijini nako kila mtu na lwake."
Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Ni kweli wakubwa walishindwa. Mwaka 1972 mpango wa kuwaunganisha Waanglikana na Wamethodisti ulianguka kwenye Sinodi Kuu ya Anglikana: zilitakiwa asilimia 75 za kura, zikapatikana kama 66. Wamethodisti walikuwa wameshakubali. Agano kati yao lilitiwa saini 2003 tu, na hadi leo ni makanisa mawili.

Ila tangu 1969 ipo sheria inayoruhusu madhehebu kutumia jengo moja. Kanisa dogo la Wamethodisti likifungwa kwa uchache wa waumini, huenda wakahamia kwa Waanglikana, pengine kwa zamu. Tazama meza ya Bwana: kanuni za Anglikana zinadai divai iliyochachuka, Wamethodisti hunywa maji ya zabibu yasiyo na kileo. Anayeandaa vikombe lazima ajue leo ni zamu ya nani. Kwangu mimi, anayekumbuka hilo bila kununa amefanya kazi kubwa kuliko tamko lolote.

(Nasi Afrika Mashariki tusiwacheke. Mwaka 1913 huko Kikuyu, maaskofu wa Mombasa na Uganda walishiriki meza ya Bwana pamoja na Wapresbiteri na wamisionari wengine, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi.)

"Asiyesali hapo hana lake."
Analo. Mkazi wa parishi ana haki ya kuzikwa katika makaburi ya kanisa kama bado yana nafasi, awe muumini au asiwe. Linaloshangaza zaidi ni kura: aliyemo kwenye daftari la wapiga kura wa serikali za mitaa anaruhusiwa kupiga kura ya kuchagua wazee wa kanisa, hata akiwa Mwislamu au hana dini. Anayegombea ndiye anayebanwa; lazima awe amebatizwa.

"Halmashauri ya parishi ndiyo inayotawala kijiji."
Ziko mbili, na jina ndilo linalochanganya. Sheria ya 1894 ilitenga mambo ya kiraia na ya kanisa: halmashauri ya kiraia ina viwanja vya michezo na njia za miguu, ya kanisa ina kanisa. Katika kijiji kidogo, hata hivyo, usishangae kuwakuta watu walewale kwenye vikao vyote viwili.